Karatasi ya Kaki Juu ya Picha

Jumatatu, 1 Julai 1996. Migori.

Leo naanza shajara. Duka la mbolea lilimpa Baba Dorah mwaka jana, akaitupa juu ya kabati, na alama za vidole vyake vya grisi ya baiskeli zimo bado. Siku zilizochapwa ni za mwaka jana, nazisahihisha kwa kalamu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kinachoniuzia wimbi hapa sokoni. Na nilifika darasa la saba. Si mchezo.

Makubwa mawili leo. La kwanza, mifuko yangu mipya ya kaki. Gisiri, yule mchora mabango, amenichongea muhuri kwa soli ya ndala. Ukiugonga unatoa picha yangu, karai kichwani, na maneno WIMBI YA MAMA DORAH HAINA MCHANGA. Ila amenichora mnene kama pipa, tena bila shingo. Nikamuuliza shingo yangu iko wapi. Akasema soli iliisha.

La pili, mkutano wa wazazi wa darasa la tatu. Mwalimu Magige, kijana Mkuria aliyetoka chuo juzi, akasema Ijumaa hii, mbele yetu wazazi, atachagua mtoto wa kwenda Homa Bay kwenye mashindano ya kusoma. Hajamaliza sentensi, mimi nimesimama. Nikamwambia asijisumbue kuchagua, Dorah wangu yuko tayari, sare nitaipiga pasi mwenyewe. Watu wakacheka. Mama Hemed, yule wa duka la leso, alijaribu kucheka ndani ya buibui, mabega yakamsaliti.

Ndipo Mwalimu akaeleza mashindano yenyewe. Ati mtoto akikutana na neno gumu, asiambiwe maana. Aangalie picha. Asome yaliyo kabla ya neno na yaliyo baada yake. Akisie, halafu aseme kwa nini amekisia hivyo. Nikainua mkono, nikauliza, sasa yeye mwalimu kazi yake itakuwa nini, kupiga kengele? Baba Dorah akanivuta sketi.

Kuangalia picha! Enzi zetu mwalimu aliifunika picha kwa kiganja, na mkono wa pili ulishika kiboko. Kuangalia picha ni kuiba. Mtoto wangu si mwizi.

Jumanne, 2 Julai.

Kitabu kimekuja nyumbani. Watoto sita, kitabu kimoja, kinalala kwa zamu. Kimetoka kwa kina Hemed, zamu yetu ni mpaka Ijumaa asubuhi.

Dorah alisoma kwa sauti nikipepeta wimbi. Akafika kwenye neno mbeleko. Mimi silijui. Sikusema silijui. Nilikohoa. Mtoto akasema, Mama, hii ni kitambaa cha kubebea mtoto. Nikaruka kwa furaha. Nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema hakuna mtu, kwenye picha kuna mama amefunga mtoto mgongoni, na sentensi inasema alikaza mbeleko mtoto asianguke.

Furaha ikaisha. Ameangalia picha! Mbele yangu!

Nikafikiri. Hemed amezaliwa na Kiswahili mdomoni, maneno ya Pwani anayanywa na chai. Dorah anasema Ekegusii ndani, Dholuo na watoto wa jirani, Kiswahili akinisaidia sokoni. Kumshinda Hemed lazima awe na nguvu kichwani, si kwenye macho. Sasa mtoto atapataje nguvu kama picha inamnong'oneza kila kitu?

Alipoenda kuteka maji nikapika uji wa wimbi mzito, mzito wa kusimamisha mwiko. Nikakata mifuko yangu ya kaki. Upande wenye muhuri nikaulaza chini ili kitabu kionekane safi. Nikabandika picha zote, moja baada ya nyingine. Kazi safi! Kuku alidonoa pembe moja tu.

Baba Dorah aliporudi alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akaenda kuoga.

Jumatano, 3 Julai.

Aibu ndogo. Naiandika haraka ipite.

Asubuhi kabla ya shule Dorah amekwama kwenye neno pakacha. Akasema picha ingemsaidia. Nikamwambia mama yake atamsaidia kuliko picha. Kisha nikagundua mama yake halijui hilo neno, na picha ameibandika yeye.

Nikaenda kwa Mama Hemed nikijifanya natafuta leso. Nilishika hii, nikashika ile. Ana karatasi nyeupe laini za kufungia, zimeandikwa jina la duka lake na ua la waridi. Maringo matupu. Katikati ya kuulizia bei nikatupia, eti kwenu Pwani pakacha ni nini hasa? Akatabasamu. Akasema, "Mwenzangu, Mwalimu si ametukataza kuwaambia? Hata Hemed nimemnyima. Wewe tazama picha tu, iko wazi."

Roho mbaya! Mtu anakunyima neno, neno lisilo na bei. Nami ningemjibu nini? Kwamba picha iko chini ya uji?

Nyumbani nikajaribu kubandua. Kaki ikaanza kutoka na picha yenyewe. Nikaacha mbio. Ndipo nikapata akili. Nikatoka uani, nikauinua ukurasa kwenye jua kali la saa sita. Picha ikaonekana! Si vizuri sana, kwa sababu picha ya ukurasa wa nyuma nayo ilipenya. Lakini nimeona. Kuna mbuzi. Na kuna mwanamke mnene kama pipa, hana shingo, amebeba karai. Sura yake sikuipenda hata kidogo.

Basi. Pakacha ni mwanamke anayeuza mbuzi.

Alhamisi, 4 Julai.

Tumekariri tangu Dorah alipotoka shule. Pakacha? Mwanamke anayeuza mbuzi! Tena! Mwanamke anayeuza mbuzi!

Ila mtoto ana ubishi wa babake. Ati sentensi inasema mzee alitundika pakacha ukutani. Mwanamke anatundikwaje? Nikamwambia mambo ya zamani ni mengi. Ati sentensi inasema pakacha lilijaa machungwa. Nikamwambia huyo mwanamke ameshiba, alikula machungwa. Dorah akafunga kitabu. Kisha akasema ndiyo, Mama. Mtoto mtiifu sana. Nimemlea vizuri.

Nimepita kwa Mzee Mochama wa kanisani, nikamwomba Sabato atangaze kwamba Dorah anaenda Homa Bay. Akauliza kama amekwisha kuchaguliwa. Nikasema imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo. Akaandika.

Ijumaa, 5 Julai.

Nyasae, Mungu wangu.

Nilikaa mbele kabisa na kitambaa changu kipya cha zambarau. Mwalimu akafungua kitabu. Akaikwaruza kaki kwa ukucha. Akageuza ukurasa. Akakwaruza tena. Akauliza, kwa upole ambao ni mbaya kuliko kelele, ni nani kati ya wale sita amebandika karatasi kwenye picha.

Watoto watano wakamtazama Dorah. Dorah akanitazama mimi. Mimi nikaanza kukagua mabati ya paa kama fundi.

Dorah akasema, "Ni mimi, Mwalimu."

Ningesimama. Miguu ilikuwa yangu, benchi lilikuwa chini yangu, nini kilinizuia? Nilirekebisha kitambaa.

Mwalimu akauinua ukurasa dirishani, kwenye mwanga, aone kama picha imepona. Sisi wazazi tulikuwa upande wa pili. Mara wazazi wote wakageuka kunitazama. Wote! Mmoja akashangaa kwa Dholuo, yawa, akafunika mdomo. Nikanyoosha mgongo. Zambarau inanifaa.

Mwalimu akasema wataendelea na sentensi peke yake. Akasoma ile ya pakacha, akamwita Dorah. Mtoto akasimama, akafumba macho kidogo, akaanza, "Ni kama kikapu cha..." Nikakohoa. Akafumbua macho. Midomo yangu, peke yake, bila mimi kuiambia, ikasema mwa-na-mke. Akaniona. Akafunga mdomo. Akasema pakacha ni mwanamke anayeuza mbuzi.

Kicheko! Mwalimu akainua mkono watu wanyamaze, akamuuliza huyo mwanamke amejaaje machungwa. Dorah akasema, kwa sauti ya redio inayoishiwa betri, "Amekula."

Hata mimi nikasikia jinsi inavyosikika.

Mwalimu akamuuliza ametoa wapi maana hiyo. Dorah akasema amekisia tu. Hemed akaitwa, akasema ni kikapu cha makuti. Hemed ndiye wa Homa Bay. Na Dorah hatabeba kitabu nyumbani mpaka muhula uishe, kwa sababu ya kuharibu mali ya darasa. Dorah, ambaye analala na kitabu kama mwenzake analala na mdoli.

Alitembea mbele yangu njia nzima. Hakulia. Nilipomwita hakugeuka, aliongeza mwendo.

Sabato, 6 Julai.

Nilikuwa nimesahau tangazo.

Mzee Mochama alilisoma kwa sauti nzito. Kanisa likasema amina. Dorah ameketi kando yangu, anatazama viatu vyake. Kina mama wakanipa mkono nje, hongera, hongera Mama Dorah. Nikapokea zote. Ningefanyaje? Mkono ukishanyooshwa unashikwa.

Baba Dorah, mtu ambaye maneno yake ya wiki yanatosha kwenye kijiko, akasema njiani kwamba mtoto alinibebea mzigo, na yeye hajawahi kuona karai kubwa hivyo kwenye kichwa kidogo hivyo. Sikulala vizuri mchana, na mimi usingizi wa Sabato ndio zawadi yangu.

Jumapili, 7 Julai.

Mama Hemed alikuja kibandani. Akanunua wimbi ya uji. Nikampimia vizuri, nikaongeza ya juu, maana nilijua mimi ni mtu mbaya. Akaniambia nimtilie kwenye ule mfuko wenye picha. Nikamtilia. Akauangalia muhuri. Mabega yakaanza tena.

Nikamuuliza anacheka nini. Akaniuliza, kwa heshima, kama kweli sijui. Akachukua mfuko mwingine mtupu, akaugeuza, akauinua kwenye jua. Nikamwona. Mwanamke mnene kama pipa. Hana shingo. Amebeba karai.

"Ijumaa tulikuona wote, mwenzangu," akasema. "Mwalimu alipoinua ukurasa, ulitokea wewe, na HAINA MCHANGA yako hapo chini. Hakuna mtu hata mmoja aliyeamini ni mtoto."

Kumbe si zambarau! Wote walijua. Waliangalia picha, wakasoma maneno yaliyo karibu, wakakisia, wakapata. Mama mzima nimekaa pale nakagua mabati, mtoto anasema ni mimi, na jina langu liko dirishani linasomwa kama ubao wa duka. Tena yule mwanamke anayeuza mbuzi niliyemkaririsha Dorah ni mimi huyo huyo!

Nilikaa juu ya gunia. Nilitamani wimbi yote inimwagikie.

Mama Hemed hakucheka tena. Akaketi kando, buibui kwenye vumbi. Akasema yeye, Hemed alipokuwa darasa la kwanza, alimfanyia hesabu zote kwa mkono wake, mwalimu akamsifu mtoto kwa mwandiko wa kike. Akasema twende kwa Mwalimu kesho, atanisindikiza. Nikasema nitaenda peke yangu. Kisha nikamwomba anisindikize.

Jumatatu, 8 Julai.

Nilikwenda na mkungu wa ndizi. Nikaanza mbali. Nikasema kuna watu hupatwa na homa ya ghafla, mikono ikabandika vitu bila wao kujua. Mama Hemed akanikanyaga. Nikasema basi, ni mimi. Kubandika ni mimi, mbuzi ni mimi, kukohoa ni mimi. Dorah hana kosa ila kunitii.

Mwalimu akasema anajua tangu Ijumaa, alikuwa ananingoja. Siku hizo zote! Akasema mtoto aliyejibu kwa mdomo wa mtu mwingine hajajaribiwa bado, na Homa Bay wanapokea hata wawili. Atamjaribu tena Jumatano, hadithi mpya. Marufuku ya kitabu imeondoka. Sharti ni moja. Nami nije niketi darasani nione kazi inavyofanywa, na nisitikise midomo.

Ndizi alizikataa. Nikaziacha mlangoni.

Nyumbani nikamwambia Dorah nimesema ukweli. Akauliza, wote? Nikasema wote, hata wa mbuzi. Akaendelea kuosha sufuria. Baada ya muda akaja akaegemea begani mwangu na mikono yake ya masizi, akaharibu blauzi yangu nzuri. Nikamwacha aegemee.

Jumatano, 10 Julai.

Nimeketi kwenye dawati la darasa la tatu. Magoti yalikuwa karibu na masikio. Mwalimu aliniketisha na Hemed, akamwagiza ainue mkono kila nikitikisa midomo. Mtoto yule ana bidii. Mkono wake ulichoka.

Neno lilikuwa upawa. Mimi sijui. Dorah akaangalia picha, bibi anapakua mchuzi. Akasoma, alichota kwa upawa akaonja. Akasema ni kama mwiko, lakini una shimo, kwa sababu mwiko hauwezi kuchota mchuzi. Jamani! Kitu hicho kiko jikoni kwangu! Nimekishika leo asubuhi!

Amechaguliwa, yeye na Hemed. Nilipiga kigelegele. Hemed akainua mkono.

Ijumaa, 12 Julai. Homa Bay.

Tulitoka asubuhi. Njiani nilipoona kituo cha Rodi Kopany nikawaambia watoto hapo ndipo nilipouzia wimbi yangu ya kwanza. Si kweli, lakini wakaangalia. Tulipofika tukashuka ufukweni mwa ziwa kidogo, Dorah akauliza yale majerikeni ya manjano yanayoelea mbali ni ya nini. Mvuvi mmoja akamwambia ndiyo yanayoonyesha nyavu zilipo. Mimi nikamwambia asijaze kichwa na mambo ya omena, dagaa wa ziwani, ana mashindano.

Ukumbi ulijaa. Nilitafuta kiti cha mbele, mahali mtoto atanipata kwa macho. Mama Hemed akaja akakaa mbele yangu kabisa, yeye na buibui lake lote. Nikasogea kushoto, akasogea. Nikasogea kulia, akasogea. Nikamuuliza ana nini leo. Akasema, bila kugeuka, nimsamehe, Dorah ndiye aliyemwomba.

Dorah ndiye aliyemwomba.

Naliandika hilo tena nilione vizuri. Mtoto wangu ameomba mtu amkinge na uso wangu.

Hemed alipata neno analolijua tangu tumboni. Akasema maana mara moja, lakini walipomuuliza ameonaje kwenye hadithi, akasema kwao husema hivyo. Wakampunguzia alama. Kisha Dorah, neno lake lilikuwa chelezo kwenye sentensi hii. Mvuvi alitazama chelezo kikicheza juu ya maji, akajua nyavu zake ziko pale pale. Nikajua jibu! Samaki! Ni nini kinachocheza juu ya maji? Nikasema sa-ma-ki kwa midomo mpaka mashavu yakauma. Buibui lilinizima.

Dorah akatazama picha. Akapitisha kidole kwenye sentensi. Akasema ni kitu kinachoelea ili kuonyesha nyavu zilipo, na watu wa hapa hutumia jerikeni.

Ukumbi ulipasuka kwa makofi, maana nusu yao ni wavuvi. Jaji akamuuliza amejuaje. Mtoto akasema, kwa sauti safi, "Niliangalia picha, nikaangalia sentensi, sikumwangalia mama."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, nikanawa, nikarudi nikipiga makofi.

Amekuwa wa pili! Wa kwanza ni msichana kutoka Mbita. Zawadi ya Dorah ni kitabu cha hadithi, kipya, cha kwake peke yake, kina picha za rangi. Alikinusa. Akanipa nami nikinuse.

Jumapili, 14 Julai. Migori.

Sokoni wote wanajua. Nimewaambia mwenyewe, hata wapita njia. Mama Hemed alikuja na leso ya hongera, ameifunga kwenye zile karatasi zake nyeupe, nyingi, moja juu ya nyingine. Tulikumbatiana. Yule ni dada yangu kabisa.

Nimekaa nikafikiri kwa kina. Nimekosea, nakubali. Aibu niliyopata inatosha ukoo mzima. Picha haikuwa adui. Picha ndiyo iliyompeleka Dorah Homa Bay.

Basi kwa nini amekuwa wa pili na si wa kwanza? Nimekifungua kitabu cha zawadi, nimepata jibu. Maneno! Yamejaa kila ukurasa, yanambana mtoto, yanamla muda. Yule wa Mbita hakika anasoma picha peke yake. Muhula ujao kuna mashindano mengine.

Dorah na Hemed wameenda kuteka maji. Uji umeshakuwa mzito. Nimeanza na ukurasa wa kwanza, nimeacha picha wazi, nimefunika yale maneno tu.

Na safari hii hakuna atakayenicheka. Kaki yangu sijaigusa. Nimetumia karatasi za duka la Mama Hemed.